Tumbo la nyumba: shajara ya kuihami sakafu kabla ya baridi ya Moorhead

24 Agosti

Nyumba yetu ni ya kuhamishika, yaani ilijengwa kiwandani mwaka 1984, ikakokotwa na lori hadi hapa Moorhead katika jimbo la Minnesota, kisha ikaketishwa juu ya nguzo za matofali ya saruji bila msingi wa kuchimba. Ina upana wa futi 14 na urefu wa futi 66, sawa na mita 4.3 kwa 20.1, na sakafu yake iko karibu sentimita 80 juu ya ardhi. Mtu aliyekulia Makete, kusini mwa Tanzania, kama mimi anaijua baridi, na jalidi ya asubuhi za Juni na Julai si hadithi kwake. Lakini kwetu jamvi la zege humwagwa juu ya udongo, na udongo wetu haugandi. Nyumba hii imeinuliwa kama kihenge, upepo unapita chini yake, na katika Januari, kipimajoto kinaposoma nyuzi 30 chini ya sifuri, upepo huo unatenganishwa na nyayo za watoto kwa unene usiozidi shubiri.

Majira ya baridi yaliyopita bomba la maji la jikoni liliganda mara tatu, na sakafu ya chumba cha watoto ilikuwa baridi kiasi kwamba walifanya kazi zao za shule wakiwa wamekaa kitandani. Mke wangu alitandika mikeka miwili na blanketi juu yake, na bado mtoto wa mwisho alivaa soksi mbili mbili ndani ya nyumba ambamo tanuri la gesi la kupasha nyumba joto liliwaka usiku kucha. Mwaka huu nimedhamiria kuihami sakafu, yaani kuizuia isipoteze joto, kutoka chini kabla ya Novemba. Nitaandika kila hatua, kwa sababu wapo wazungumzaji wa Kiswahili katika eneo hili la Moorhead na Fargo, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, na yeyote kati yao atakayenunua nyumba ya namna hii atahitaji kuyajua haya mapema kuliko nilivyoyajua mimi.

31 Agosti

Kabla ya kununua chochote nilitafuta karatasi ya kiwanda, nikaikuta imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la jikoni. Nyumba za kuhamishika zilizojengwa kuanzia tarehe 15 Juni 1976 zinafuata kanuni ya HUD, wizara ya nyumba ya Marekani. Kila moja ina bamba dogo jekundu la chuma nje na karatasi ya maelezo ndani, nayo karatasi hutaja ukanda wa hali ya hewa ambao nyumba ilikusudiwa. Yetu ni ya ukanda wa 3, ulio wa baridi kali kuliko yote. Hata hivyo viwango vya kuhifadhi joto viliongezwa mwaka 1994, kwa hiyo neno hilo kwenye karatasi ya 1984 halina uzito ambao lingekuwa nao kwenye karatasi ya miaka kumi na mbili baadaye.

Nieleze umbo lake, kwa kuwa kazi yote inategemea kulielewa. Chini kabisa kuna vyuma viwili virefu vya chesisi vinavyokwenda kutoka mbele hadi nyuma. Juu yake zimelazwa boriti za mbao zenye kina cha sentimita 14, na juu ya boriti ni mbao za sakafu. Chini ya boriti limetandazwa godoro jembamba la faibaglasi, sufi ya nyuzi za kioo inayozuia joto lisipotee, na chini ya godoro hilo kuna karatasi ngumu nyeusi inayofunika kila kitu. Sehemu ya katikati, kati ya vyuma viwili, hushuka na kuning'inia, kwa kuwa ndimo unamopita mfereji wa bati unaosambaza hewa ya moto kutoka kwenye tanuri, pamoja na mabomba ya maji. Mafundi wa hapa huiita tumbo, na hakuna jina linalofaa zaidi.

Nilihakikisha pia kwamba tanuri letu hunyonya hewa ya kurudi, yaani hewa ya vyumbani inayorudi kupashwa joto tena, kupitia matundu ya mlango wa kabati lake na si kupitia tumboni, kwani katika baadhi ya nyumba za zamani hewa ya kurudi hupita humo humo, na mwenye nyumba ya namna hiyo hana budi kubadili njia hiyo kwanza.

Kuna mpango wa serikali kuu ya Marekani, ulioanza mwaka 1976, unaozihami nyumba za watu wenye kipato kidogo bila malipo. Sisi tumevuka kiwango cha kipato, lakini ningemsihi mtu aulize kwanza kabla hajatoa fedha zake mfukoni.

6 Septemba

Leo nimeingia chini kwa mara ya kwanza, chali, nikiwa na tochi ya kichwani, miwani, barakoa na nguo ya kazi inayofunika mwili mzima. Niliacha paneli mbili za sketi, ule uzio unaozungushwa kuziba nafasi kati ya sakafu na ardhi, zikiwa wazi tangu jana ili hewa ipite. Panya walikuwa wameishi humo miaka mingi. Panya wa porini wa huku wanaweza kubeba virusi vya hanta, ambavyo huingia mapafuni kwa vumbi la kinyesi chao, kwa hiyo sikufagia chochote: nilichanganya sehemu moja ya jiki na sehemu tisa za maji, nikanyunyizia kila kiota hadi kikalowa, nikasubiri, kisha nikaokota kwa glavu na kutia katika mifuko miwili.

Nilikuta hali mbaya kuliko nilivyotarajia. Karatasi ya tumbo ilikuwa na matundu kumi na moja, kubwa kuliko yote likiwa chini ya beseni la kuogea, ambapo fundi bomba wa zamani alikata mraba wa karibu mita moja ili afikie bomba la maji machafu, akatengeneza alichoitiwa, akaondoka bila kurudishia. Faibaglasi ilikuwa ikining'inia pale kama manyoya ya kondoo aliyekwama kwenye miiba, nyeusi na nzito kwa maji. Kwenye ncha ya mashariki, bomba la mashine ya kukaushia nguo lilikuwa limeishia chini ya nyumba badala ya kutoka nje ya sketi, na kwa miaka yote hiyo unyevu wa kila nguo iliyokaushwa umekuwa ukimwagwa kwenye boriti zetu.

Shemeji, aliyekuja kunisaidia, aligusa ubao pale juu ya bomba hilo, akanyamaza, kisha akasema, "Shemeji, mbao hii imelowa. Ukiifunika sasa, utakuwa umeufungia ugonjwa ndani." Maneno hayo ndiyo yaliyoamua utaratibu wa kazi nzima. Nilikuwa tayari nimeweka oda ya kihami joto. Nimeiahirisha hadi maji yaishe.

14 Septemba

Maji kwanza. Bomba la mashine ya kukaushia nguo limeelekezwa nje kwa bati gumu, na kwenye tundu la ukutani nimeweka kifuniko kinachojifunga chenyewe. Mabomba ya maji safi yalikuwa yale ya kijivu ya polibutilini, aina ya plastiki, yaliyotumika sana nchini hapa kati ya mwaka 1978 na 1995 na ambayo hujulikana kwa kupasuka kwenye viungio. Viungio viwili vilikuwa vikidondosha tone moja kila baada ya dakika chache, kiasi ambacho mtu hakihisi kwenye bili yake ya maji lakini kinatosha kuilowesha faibaglasi kwa msimu mmoja. Nimebadilisha njia yote ya jikoni na bafuni kwa mabomba ya PEX, plastiki inayonyumbulika, ambayo hutanuka kidogo yanapoganda na kwa hiyo hayapasuki kwa urahisi.

Nimetoa nje faibaglasi yote iliyolowa, mifuko tisa, na kuacha tumbo wazi ili mbao zikauke kwa upepo wa Septemba, ambao ni mkavu.

21 Septemba

Nimetandaza nailoni nzito ya unene wa milimita 0.15 juu ya ardhi yote chini ya nyumba, kila kipande kikipanda juu ya kingine kwa sentimita 30, na viungo vyote nimevifunga kwa utepe. Ni nailoni ile ile ambayo mafundi wa kwetu huitandika kabla ya kumwaga jamvi, na kazi yake ni ile ile: kuzuia unyevu wa ardhini usipande. Udongo wa bonde hili la Mto Red ni mfinyanzi mzito ulioachwa na ziwa la kale la Agassiz, nao hushika maji kama sifongo.

Nailoni hii inabadilisha hesabu ya matundu ya hewa kwenye sketi. Ardhi ikiwa tupu, kanuni ya HUD inataka futi moja ya mraba ya tundu kwa kila futi 150 za mraba za sakafu, ambayo kwa nyumba yetu ni zaidi ya nusu mita ya mraba ya uwazi unaoingiza upepo wa Januari. Ardhi ikiwa imefunikwa sawasawa, inaruhusu moja kwa kila 1,500, yaani takriban sentimita za mraba 570 kwa nyumba nzima. Siku moja ya kutambaa na roli la nailoni imepunguza uwazi huo mara kumi, na sidhani kama ipo kazi nyingine katika mradi huu iliyolipa vizuri kiasi hicho kwa gharama ndogo namna hiyo.

5 Oktoba

Hewa ni hatua ya pili, na wiki mbili zimekwenda kwenye mfereji wa bati. Nilizima gesi ya tanuri nikaacha feni peke yake, nikawasha kijiti cha udi na kukipitisha taratibu kando ya kila kiungo. Mahali palipo pazima moshi hupanda wima. Mahali palipo na ufa moshi hupinda ghafla na kukatika, kama mtu aliyeupuliza kwa mdomo. Palipo pabaya kuliko pote ni pale ambapo shingo fupi ya bati inaunganisha mfereji na tundu la hewa la sakafuni. Katika chumba cha watoto shingo hiyo ilikuwa imeachana na mfereji kwa upana wa vidole viwili, na sehemu kubwa ya hewa ya moto iliyokusudiwa chumba chao ilikuwa ikimwagika tumboni na kutoka kwa matundu ya karatasi hadi nje. Hapo nilielewa kwa nini theluji ilikuwa ikiyeyuka mapema upande ule wa nyumba, jambo ambalo mwaka jana tulilichukulia kuwa ni la jua.

Viungo vyote nimevipaka mastiki, gundi nzito ya kupakwa kwa brashi, nikitanguliza wavu wa faibaglasi palipo na ufa mpana. Utepe wa kitambaa wa kawaida haufai kwa kazi hii, kwa sababu gundi yake hukauka kwa joto la mfereji na kuachia. Ncha mbili za mfereji, ambazo ziliendelea kupita tundu la mwisho bila kwenda popote, nimezifunga kwa kipande cha bati.

Jioni tuliwasha tanuri. Hewa iliyotoka chumbani mwa watoto iliinua ukingo wa pazia, na mke wangu akaita kila mtu aje aone.

9 Novemba

Kazi ilisimama wiki nne kwa sababu ya zamu za usiku kazini, na hadi iliposimama nilikuwa nimeziba matundu sita tu kati ya kumi na moja. Usiku wa kuamkia leo nje palifika nyuzi 17 chini ya sifuri, na asubuhi bomba la jikoni halikutoa maji. Tulilitegemea libaki salama, kwa kuwa tulikuwa tumefanya kazi zaidi kuliko mwaka wowote.

Nilifungua bomba la sinki, kisha nikapasha joto bomba kwa mashine ya kukaushia nywele, nikianzia upande wa sinki na kurudi nyuma, ili maji yanayoyeyuka yapate pa kutokea. Moto wa wazi haufai kabisa chini ya nyumba ya mbao. Baada ya saa mbili maji yalirudi, na PEX haikupasuka.

Kisha nililala pale pale nikitafuta sababu, na nikaiona. Mtu fulani, miaka ya nyuma, alikuwa ameshindilia faibaglasi mpya kati ya bomba na mbao za sakafu, akidhani anaihami sakafu. Kwa kufanya hivyo aliliweka bomba upande wa nje wa kihami joto. Kilicholiokoa bomba hilo siku za nyuma, usiku ambao halikuganda, ni joto lililovuja kutoka kwenye mfereji mbovu. Mimi nikaja nikauziba mfereji, joto likaenda vyumbani kama inavyopasa, na bomba likabaki katika baridi bila mlezi. Kuziba mfereji ilikuwa haki, lakini kuuziba na kuacha tumbo nusu wazi kulikuwa hatari. Kazi hizi mbili ni moja, zifanywe wiki moja. Na kabla ya kuongeza kihami popote, mtu afuate kila bomba kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho na kuhakikisha kwamba juu yake, kuelekea sakafuni, hakuna kitu, na kwamba kihami chote kiko chini yake. Bomba likae upande wa joto. Natamani ningeambiwa hivyo mwezi Agosti.

Leo nimeitoa faibaglasi ile yote na kulifungia bomba karibu na mbao za sakafu kwa vibanio kila baada ya sentimita 60. Matundu matano yaliyobaki nimeyaziba kabla ya giza, kwa vipande vya kitambaa kizito cha plastiki kilichofumwa, nikipaka gundi kingoni, kisha pini za stepla, kisha utepe maalumu wa kutengenezea tumbo juu yake. Utepe peke yake huanguka mwaka wa pili.

16 Novemba

Kihami joto kimeingia. Jirani yetu, mzee aliyestaafu kazi ya kuketisha nyumba hizi, alikubali kuja kusimamia, na nilimpa usimamizi wote. Tulikodi mashine ya kupuliza, Shemeji akailisha nje, nami nikashika mpira chini. Mzee alisisitiza tutumie faibaglasi ya kupuliza na si ile ya karatasi iliyosagwa, kwa sababu karatasi hunywa maji, na tumbo la nyumba lazima siku moja litavujiwa. Alikataa pia wazo langu la kugongomea vibao vya povu gumu chini ya boriti, akieleza kwamba bomba likipasuka juu ya vibao hivyo maji yatatuama pasipoonekana hadi sakafu ioze.

Tulitoboa matundu madogo kwenye karatasi, tukasukuma mpira hadi mwisho wa kila nafasi kati ya boriti na kuurudisha polepole kadiri nafasi ilivyojaa. Sikio ndilo linaloongoza: sauti ya mpira ni nyepesi nafasi ikiwa tupu, na huwa nzito na kuzibwa inapojaa. Tulikusudia uzito wa kilo 20 hadi 28 kwa kila mita ya ujazo, kwa kuwa ikiwa nyepesi kuliko hapo hutulia na kuacha mwanya juu, chini tu ya sakafu, pabaya kuliko pote. Iliingia mifuko 22, kama kilo 300, ambazo zikigawanywa ni karibu kilo tatu na nusu kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo kabla ya kuanza tulipitisha mikanda chini ya tumbo kila baada ya mita moja na kuifunga kwenye vyuma vya chesisi ili karatasi isibebe uzito peke yake.

Saa kumi na moja jioni Mzee aliweka kiganja juu ya tumbo, akalisukuma, likasukuma nyuma. Alisema limeshiba.

7 Desemba

Sketi haikuchukua muda. Upande wa kaskazini na wa magharibi, unakotoka upepo wa uwanda huu usio na mlima wala msitu, nimeongeza vibao vya povu gumu vya sentimita 5 nyuma ya paneli, nikiacha nafasi juu. Ardhi hapa inaaminika kuganda hadi kina cha inchi 60, karibu mita moja na nusu, nayo inapoganda hutanuka na kuinuka. Sketi iliyobanwa juu na chini itapinda au kuvunjika.

Bomba linalotoka ardhini kuingia nyumbani ndilo pekee ambalo tumbo haliwezi kulilinda. Nimelifunga waya mpya wa kupasha joto, wa aina iliyoidhinishwa kwa nyumba za kuhamishika, bila kuupandisha juu ya wenyewe mahali popote, na soketi yake nimeihakikisha ina kinga ya kukata umeme. Wa zamani ulikuwa umebabuka ganda kwa urefu wa kidole.

18 Januari

Vipimajoto vitatu, saa kumi na mbili asubuhi. Nje, 31 chini ya sifuri. Chini ya nyumba ndani ya sketi, 6 chini ya sifuri. Tumboni, kando ya bomba la jikoni, 11 juu ya sifuri. Maji yanatoka. Tanuri sasa hupumzika, tunalisikia likizima na kukaa kimya kwa dakika kadhaa kabla ya kuwaka tena. Mikeka imebaki moja, nayo imebaki kwa sababu watoto wameizoea kuchezea.

Kona ya kaskazini-magharibi, chini ya kabati la nguo, bado ni baridi kwa mkono. Nadhani nafasi ya mwisho kati ya boriti haikujaa, kwa kuwa mpira ulikwama pale kwenye kishikio cha chuma.

19 Aprili

Theluji imekwisha na nimeshuka kukagua. Juu ya nailoni ni pakavu. Chini yake matone yamejipanga kama jasho, ardhi ikiwa imezuiwa kupandisha unyevu wake. Nilikata tundu la kidole mahali patatu kwenye karatasi ya tumbo, nikaingiza kidole, faibaglasi ni kavu na haijatulia, nikaziba. Utepe umeachia mahali pamoja chini ya beseni la kuogea, urefu wa sentimita 40, pini zikiwa bado zimeshika. Nimesafisha, nimepaka gundi upya na kuongeza pini. Kona ya kaskazini-magharibi nimeifungua na kukuta nafasi tupu ya karibu sentimita 50. Mifuko miwili inatosha, na Mzee amesema tusubiri hadi Juni mbao ziwe kavu kabisa.